Kinanda Chenye Do Moja

Kinanda cha kigango cha Mollo kilikuwa cha kukanyaga, cha mbao nyeusi, na kila kilipoamshwa kilipiga chafya kwanza ndipo kikaimba. Juu ya vibao vyake vyeupe palikuwa na herufi zilizoandikwa kwa rangi ya kucha: d, r, m, f, s, l, t, kisha d tena, zote nyekundu kama pilipili. Vibao vyeusi havikuandikwa kitu. Cornelia, aliyekipiga tangu alipomaliza darasa la saba, hakuwahi kuvigusa ila kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

"Vyeusi ni pambo," Mwalimu Oswaldi alimwambia siku ya kwanza. "Wewe fuata nyekundu. Nyekundu haikupotezi."

Na kweli haikumpoteza. Mwalimu Oswaldi ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na nyimbo zilimfikia kutoka mjini Sumbawanga zikiwa zimeandikwa kwa nota za mistari, mistari mitano kwa mitano, na nukta zenye mikia kama viluwiluwi. Alikaa nazo nyumbani kwake, na Jumamosi akatokea na ubao ulioandikwa kwa chaki herufi zilezile saba. Basi. Watu ambao kalamu waliiacha kwenye kisomo cha watu wazima walisimama mbele ya ubao ule wakaimba sauti nne, na mgeni aliyepita barabarani alisimamisha baiskeli yake asikilize.

"Mistari ni ya wenye piano sebuleni," Mwalimu alipenda kusema. "Herufi ni za wenye jembe." Na kwaya ilicheka, kwa sababu wote walikuwa na jembe.

Majembe yale ndiyo yaliyomlipa Cornelia. Mama yake alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa la mteremko mrefu unaoshuka hadi kwenye kijito. Ufipa shamba halilimwi hivi hivi. Mvua zikishakolea, majani yanafyekwa, yanalundikwa, yanafunikwa kwa udongo mpaka yawe matuta ya mviringo, ntumba, kila moja kama kichuguu. Ndani majani yanaoza, na mwaka unaofuata tuta linatawanywa, mahindi na ulezi vinapata chakula. Ni kazi ya mikono mingi. Kila mwaka, ulipofika wakati huo, kwaya nzima ilikuja na majembe shambani kwa mama yake Cornelia, kwa sababu Cornelia alipiga kinanda. Hapakuwa na aliyeandika mkataba. Kinanda kilipigwa, matuta yakapinduliwa, mama na binti wakala.

Kabla yake alikuwapo Marselino. Watu walimtaja kwa sauti ya kumtaja marehemu, ingawa alikuwa mzima Mbeya, akipiga kinanda kwenye parokia kubwa. Marselino alikuwa akipiga popote, vyeupe na vyeusi, macho yakiwa darini. Siku moja aliaga kwenda kumsalimu shangazi yake, hakurudi. Kinanda kilikaa kimya miaka miwili. Rangi nyekundu ilikuja baada ya hapo.

*

Baada ya Noeli Sista Margareth alifika Mollo na kundi la masista wenzake. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, anayefundisha muziki kwenye parokia ya mjini. Misa ilipokwisha alimfuata Cornelia kwenye kinanda.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Unakanyaga vizuri. Huchoki, wala hukikatizi kinanda pumzi." Akaziangalia herufi nyekundu kidogo. "Kuna chuo cha kanisa kule Songea. Miaka miwili, kinanda na ualimu wa muziki. Nimeombwa nichague mmoja kutoka huku kwetu. Mwezi wa tatu njoo mjini, nitakupa karatasi ya nota za mistari, utapiga pamoja na tarumbeta."

Cornelia alijibu "ndiyo, Sista" kabla hajaelewa alichokubali. Jina lake halikutoka kwenda sekondari. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Muze, chini bondeni, walipokwenda kuzika. Miaka hiyo vijana wenzake walikuwa wakiondoka kwa kila njia: waliouza mitumba, waliofuata malori ya mahindi hadi Tunduma, sasa kwa kuwa mahindi yalinunuliwa na yeyote mwenye lori. Yeye hakuwa na mtaji wala lori. Alikuwa na vidole. Huu ulikuwa mlango mmoja, na ulifunguliwa na nota asizozijua.

Alimwendea Mwalimu Oswaldi jioni ileile.

"Nifundishe mistari, Mwalimu."

"Baada ya matuta."

"Baada ya matuta itakuwa mwezi wa nne. Jaribio ni mwezi wa tatu."

"Basi Mungu atakuwa amejibu," alisema Mwalimu, akarudi kuchonga mpini wake.

Cornelia alikwenda mjini, mtaa wa Majengo. Alikuwa amesikia kuwa Loth, kijana aliyefungua duka la redio na kaseti, anapiga kinanda kwenye bendi. Alimkuta amekaa nyuma ya kaunta, redio tatu zikiimba nyimbo tatu tofauti, na mbele yake kinanda cha umeme ambacho bado nailoni ilikuwa haijatolewa.

"Mambo, dada!"

"Poa. Unajua nota za mistari?"

"Nota?" Loth alicheka mpaka akazima redio moja. "Dada, sasa hivi ni soko huria. Nota zimebinafsishwa. Njoo uone." Akapiga do, re, mi kwenye vibao vyeupe, palepale ambapo Cornelia angepiga. Kisha akabonyeza kitufe, akapiga vibao vilevile, na wimbo ukatoka juu zaidi. Akabonyeza tena, ukapanda tena. "Umeona? Mwimbaji akiwa na mafua, namshushia. Akiwa na majivuno, nampandishia. Vidole vyangu vimekaa hapahapa, kama mzee barazani. Vyeusi namwachia aliyevitengeneza."

"Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika, mshikaji, tunakunywa soda."

Cornelia alicheka naye. Lakini njiani kurudi Mollo alijisemea kwamba sasa ameelewa jambo: kumbe do inaweza kupanda na kushuka kwenye kinanda, ila kwa umeme, kwa kitufe. Kinanda cha mbao kina do moja, kama mtu anavyokuwa na kitovu kimoja. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na hakuona sababu ya kuuliza.

*

Nani alimlainisha Mwalimu Oswaldi, haikujulikana. Labda Sista Margareth alimpelekea salamu. Alhamisi moja mvua ilipokatika alimwita Cornelia nyuma ya kanisa, akachora kwa kijiti mistari mitano kwenye udongo uliolowa.

"Sikiliza, binti. Mistari haina siri. Siri ni kujua do imekaa wapi. Ukishamjua do, wengine wote ni majirani zake." Akaweka kijiwe. "Mbele ya mistari pakiwa patupu, do yuko hapa chini, kwenye kijistari chake peke yake. Ukiona alama za kushusha tatu, do amehama, amekaa mstari huu wa chini kabisa. Ukiona alama moja ya kupandisha, yuko huu wa pili. Tafuta do, halafu soma herufi zako kama kawaida."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Cornelia alilia kidogo kwa furaha, akajifanya ni mafua. Alidhani ukuta, kumbe pazia. Tangu siku hiyo alichora mistari kwenye jivu, kwenye vumbi la ghala, kwenye unga wa mama yake. Alitafuta do, akasoma, akakimbilia kinandani kupiga, na kila mara wimbo ulitoka sahihi. Tena alijiandaa kwa hila: kinanda cha mjini kisingekuwa na rangi, kwa hiyo alikariri kwamba do hukaa kushoto mwa vyeusi viwili vilivyoongozana. Alifunika herufi kwa kanga akapiga bila kuziona. Mwalimu Oswaldi alisimama mlangoni akamsikiliza. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akaufunga, akaenda zake.

Mwezi wa tatu Cornelia alikwenda mjini kwa miguu, viatu vikiwa kwenye mfuko visipate tope.

Kinanda cha parokia kilikuwa safi, hakina hata mkwaruzo. Sista Margareth aliweka karatasi mbele yake. Pembeni alisimama Kasmir, mpiga tarumbeta wa parokia, mzee mnene mwenye mashavu yaliyozoea kazi.

"Mtaanza pamoja," alisema Sista. "Soma kwanza. Usiwe na haraka."

Alama za kushusha tatu. Do kwenye mstari wa chini kabisa. Cornelia aliusoma wimbo wote kwa macho, herufi zikimjia kama watoto wanaoitwa majina. Akaweka vidole kushoto mwa vyeusi viwili. Akaitikia kwa kichwa.

Walianza, na kikawa kishindo cha mabati yanayoburutwa. Sista aliinua mkono. "Tena." Wakaanza tena. Mabati yaleyale.

"Sista," alisema Cornelia, kwa heshima lakini bila woga, "nadhani tarumbeta yake ina kasoro."

"Tarumbeta yangu?" Kasmir aliitazama kama mtoto aliyesingiziwa wizi. "Binti, hii imempokea askofu!"

Sista Margareth hakucheka. Alikuja akainama kando yake. "Nionyeshe do kwenye karatasi."

Cornelia akaonyesha mstari wa chini kabisa.

"Sawasawa. Nionyeshe do kwenye kinanda."

Akaonyesha kibao chake cheupe.

 Sista akakichukua kidole cha Cornelia, taratibu, akakipeleka kulia, akakiweka juu ya kibao cheusi. "Mstari huu ni kibao hiki. Karatasi imehama, na mikono lazima ihame nayo. Anzia hapa."

"Nitaanzia vipi, Sista?" Cornelia aliangalia pande zote za kinanda kile, mbele na chini. "Hiki hakina kitufe."

Kasmir aligeuka kuelekea dirishani, akaanza kufuta mdomo wa tarumbeta ambao ulikuwa mkavu.

Alijaribu. Do kwenye cheusi. Re akaikosa. Mi akaikosa. Vidole vilivyokuwa vikijua nyimbo zaidi ya mia vilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, na kila vilipoanguka vilirudi nyumbani, kushoto mwa vyeusi viwili. Alivitoa, vikarudi. Alivitoa, vikarudi. Hapo ndipo alipojua kwamba rangi haikuwa kwenye kinanda cha Mollo. Ilikuwa imeingia mikononi.

"Basi, mwanangu," alisema Sista Margareth. "Karatasi umeisoma kuliko wote waliokuja leo. Lakini mikono yako mtu ameifunga mahali pamoja. Siwezi kukupeleka hivi. Mwakani nitachagua tena." Alikunja karatasi, akampa. "Nani amekufundisha?"

"Mwalimu Oswaldi."

"Oswaldi?" Sista alishangaa kweli. "Oswaldi alipiga hapa Pasaka tatu, mimi nikiwa mwanafunzi wake. Kwaya ikishuka, anashuka nayo. Ikipanda, anapanda. Hapakuwa na kibao asichokijua."

Cornelia alirudi Mollo mvua ikimnyeshea. Viatu alisahau kuvivua.

*

Jumamosi kwaya ilikuja shambani. Nusu ya mteremko ilikuwa tayari matuta, nusu bado majani. Walijipanga mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka, wakiimba, sauti ya kwanza upande wa kijito, besi upande wa njia.

"Mwanamuziki wa Songea!" Minza alimwita. Alikuwa binti wa Kisukuma, familia yake ilihamia na ng'ombe miaka michache nyuma, na alikuwa na sauti kali kuliko wote. "Wamekukosa? Wamekula hasara. Kaka yangu Mboje angekuwa na vidole vyako angewakamua ng'ombe wa wilaya nzima."

 Cornelia alikwenda moja kwa moja mwisho wa mstari, alikokuwa Mwalimu Oswaldi, akasimama mbele ya jembe lake ikabidi alishushe.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Ulijua kwamba do inahama kwenye kinanda."

Mwalimu aliegemea mpini. "Nilijua."

"Hata kwenye kinanda chetu."

"Hata chetu."

"Ulisimama mlangoni ukanisikia ninavyojiandaa. Ukanyamaza."

"Nilimfundisha Marselino kila kibao," alisema Mwalimu Oswaldi. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Cornelia zaidi. "Jioni hadi jioni. Alipokijua kinanda chote, akaenda kumsalimu shangazi. Panya walizaa ndani ya kinanda, binti. Watu hawa walirudi kuimba kama vipofu wanaotafutana. Nikasema sitarudia. Anayefuata nitampa cha kutosha kigango. Asipungukiwe, asizidishiwe."

"Mimi si Marselino."

"Ndiyo. Ndiyo maana bado uko."

Majembe ya jirani yalikuwa yamesimama. Cornelia alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Basi kuanzia kesho nitajifunza kuhamisha do. Popote nitakapokosea, mtanivumilia."

"Jifunze siku za kazi," alisema Mwalimu. "Misa si mahali pa kujifunzia. Kinanda kikinyamaza Jumapili, haya majembe yatanyamaza Jumamosi. Ndivyo tulivyokubaliana na mama yako." Akalinyanyua jembe. Hakuna mwanakwaya aliyepinga. Wengine walitazama chini, na kazi ikaendelea.

Lakini siku za kazi alikuwa shambani, na kanisa sasa lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa Mwalimu Oswaldi.

Jioni mama yake alisonga ugali hadi ukaiva. "Piga kama walivyozoea," alisema. "Jembe moja halimalizi shamba."

"Minza anasema Mboje anaweza kuja na maksai na plau."

"Maksai wanajua kulaza ardhi. Hawajui tuta." Mama alimsogezea bakuli la maharage. "Kula."

*

Jumapili kanisa lilijaa. Cornelia alipiga wimbo wa kuingia kwenye nyekundu. Alipiga utukufu kwenye nyekundu. Vidole vilikwenda vyenyewe, na kila vilipokwenda vyenyewe alivichukia.

Ukafika wimbo wa matoleo. Ulikuwa wimbo wa chini sana. Kwa do ya Mollo besi waliufikia kwa kubana videvu kifuani, na wazee wa kwaya walikuwa wamezoea kuusema zaidi ya kuuimba. Watu walianza kupanga mstari na ulezi na mahindi. Mwalimu Oswaldi aliinua mikono.

Cornelia alikanyaga upepo. Kinanda kikapiga chafya. Kidole chake kiliipita d nyekundu, kikaipita r, kikatua kwenye kibao cheusi kilicho kati ya r na m. Akakibonyeza, akakishikilia. Sauti ngeni ikajaa kanisani, mpya, maana kibao kile kilikuwa hakijapigwa tangu Marselino.

Mwalimu Oswaldi aligeuza kichwa. Mikono ilikuwa juu, padre alikuwa mbele, watu walikuwa njiani na vikapu vyao. Hakuwa na pa kuirudisha. Akaishusha.

Kwaya ikaichukua do ile kama mtu anavyochukua maji.

Hawakusita hata mmoja. Minza aliingia juu, safi, na besi waliinua videvu, wakafungua midomo, na wimbo uliokuwa ukitambaa miaka yote ukasimama wima. Herufi zilezile saba. Kwao do ilikuwa popote wanapoitiwa. Walihama nayo wote arobaini, wakulima wa matuta, bila kujua kama wamehama. Aliyebaki nyuma alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kinanda.

Alikuwa na do tu. Aliishikilia, akaendelea kukanyaga, akiwasikia wakienda. Ubeti wa kwanza ukaisha hajapata nyingine. Alijaribu, ikatoka mbaya, mtu wa benchi la mbele akakunja uso. Mama yake alipita kwenye mstari wa matoleo na ungo wa ulezi kichwani. Hakumtazama usoni. Alitazama vidole, kisha akapita.

Mwalimu Oswaldi naye alikuwa amesimama palepale akipiga mapigo, macho yamemtoka, hawezi kusimamisha wimbo alioufundisha yeye. Jumamosi hakuna atakayekuja. Cornelia alilijua hilo kama alivyoijua nusu ile ya mteremko yenye majani, na bado kidole kilikataa kurudi.

Kwenye ubeti wa pili aliipata mi. Ilikuwa imejificha kwenye kibao kilichoandikwa s. Akaigusa kila walipoipitia. Sol ikatokea kwenye cheusi, mbali kidogo, akaikosa, akaikosa tena, akaipata. Do, mi, sol. Katikati ya nota hizo palikuwa na mapengo makubwa kuliko kijito, na kwaya ilikuwa ikivuka bila yeye.

Ubeti wa mwisho alitafuta la. Aliitafuta kulia, hakuipata. Kidole kikarudi kushoto, kikapapasa, kikasimama juu ya kibao kilichomlea, chenye d nyekundu iliyochakaa kwa kubonyezwa. Akasita. Akabonyeza.

Ilikuwa la.